Risasi Nyepesi na Mume Wangu Yohana

Baba,

Shikamoo. Marahaba yako sitaisikia, wala sijaikosa sana.

Tangu tukuzike, bunduki yako imekwenda polisi Newala, kama sheria inavyotaka. Kabla haijafungiwa, askari wa wanyamapori aliijaribu mbele yangu, karatasi ikiwa umbali wa hatua mia mbili. Zile risasi zako nyepesi, za uzito wa grani 150: moja juu, moja kushoto, ya tatu hata ubao haikuugusa. Nzito, za 220, zote tatu ningezifunika kwa sahani ya chai. Akaniambia, "Mama Elia, mtutu huu wa zamani ulichongwa kwa risasi nzito. Nyepesi haitulii humu."

Nilikuambia kabla hamjaenda kuwinda, Baba. Nyati ni ngozi nene na mfupa mgumu. Nyepesi itawahi kufika na itaishia nyamani. Tia nzito, msogelee. Ukanicheka mbele ya wanaume: "Mwanamke hupima unga, hapimi risasi." Unga huo ndio ulioninunulia mashine ya kusaga hapa Chiungutwa, bila senti yako. Na kupima ulinifundisha wewe, kwa mizani ya korosho, umenishika kidole nisome mshale... Basi.

Ulitaka isemwe kwamba ulimwangusha nyati ukiwa juu ya genge, ng'ambo ya bonde. Ukapiga. Akapepesuka, akaingia kichakani na jeraha lake. Wewe ukabaki juu ya jiwe na bunduki yako. "Mkwe, nenda kaangalie damu." Yohana akaenda na panga. Angefanyaje? Mkwe hakataliwi.

Tulibeba mwili wake kwa shuka la kitanda changu. Na msibani ukasema, "Alitembea kwa kelele." Mume wangu! Aliyekuwa akiingia ndani mtoto amelala, hata mimi nisimsikie.

Siku yako ilipofika, watani hawakukuhurumia. Bi Fatu alilala kifudifudi kando ya kaburi, mchi begani, jicho moja kalifumba. "Puu! Mkwe, nenda kaangalie!" Watu walicheka hadi mchungaji akageuka pembeni. Na mimi nilicheka, Baba. Nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye udongo wako, ndipo machozi yakaja, na mpaka leo sijui yalikuwa ya nani kati yenu wawili.

Elia huuliza baba yake alikufaje. Nilikuwa namjibu, nyati. Nakuahidi hilo limekwisha. Atajua ni risasi gani ilichaguliwa, nani aliichagua, na nani alikatazwa akacheka. Jina la Yohana halitabeba kosa lako tena, si nyumbani kwangu, si kanisani, si popote nitakapokuwa na mdomo.

Pumzika, kama unaweza. Ukimwona Yohana huko, usikae ukisubiri akuamkie kwa kuwa wewe ni mkwewe. Inuka, umfuate wewe, umwombe radhi.

Binti yako,
Mama Elia