Ulisema Nakuja

Mama,

Shikamoo. Niitikie popote ulipo. Nimetanguliza salamu kwa sababu bibi alinifunza adabu, maana wewe hukukaa ukanifunza.

Leo asubuhi mjukuu wako Neema ameanza darasa la kwanza hapa Mtinko. Ana miaka saba, ile ile niliyokuwa nayo ulipoondoka.

Unaikumbuka siku ile? Biashara imekuwa ruksa, kila mtu kageuka mchuuzi. Ulinisuka kwanza, ukinigombeza, "Tulia, wewe, shingo kama ya kuku!" Tukacheka. Kisha ukajitwika tenga la kuku. Mimi nimekaa kizingitini na bakuli la uji wa mtama. "Mama, unaenda wapi?" Ukasema, "Nakuja." Ukanipa mgongo. Kwetu mtu akitoka ndivyo anavyoaga, nani asiyejua? Ila mimi nililiamini neno lenyewe. Uji ukaganda, nikakataa kula, nikakataa kuingia ndani. Baadaye tukasikia umeonekana Itigi na mtu wa reli.

Tangu hapo mtu akiniambia nakuja, kifua kinawaka. Asubuhi nampenda mume wangu kuliko roho yangu, mchana nimemchania shati lake la mtumba. Siku nyingine hasira naimalizia mwilini mwangu mwenyewe. Wakasema nina mashetani. Mama mkwe akaja kutoka Kinyangiri, akatamka wazi: "Ukilipuka tena mbele ya mtoto, namchukua. Na simrudishi." Yule mama hana masihara.

Nikaenda hospitali mjini. Muuguzi wa magonjwa ya akili, mpole lakini king'ang'anizi, akaniambia huu ni ugonjwa wa hisia zisizotulia, wala si mashetani. Nilipomsimulia ulivyoondoka, akasema: "Ukija tena, tutaingia kwenye picha ya siku ile." Nami, mjinga wako, nikampelekea picha yako ya studio, ile uliyosimama mbele ya pazia lenye maua! Alicheka mpaka akafuta machozi. "Siyo hiyo, mama Neema. Ya kichwani. Fumba macho."

Mara ya kwanza nilikukimbilia nikaichana khanga yako. Nikazinduka napiga kelele. Hakunifukuza. "Rudi," akasema. "Safari hii ingia wewe mkubwa, wa leo. Mama yako mwache aende. Mwangalie yule mtoto wa kizingitini. Anataka nini?" Nilishangaa, mama. Alikuwa na njaa, na upepo wa mlangoni ulikuwa unampiga. Basi. Nikampashia uji moto, nikakaa naye, nikamwambia, "Nipo." Tukairudia picha hiyo kila nilipokwenda.

Sasa leo. Neno lile tumelipiga marufuku humu ndani. Mama mkwe kafika tangu jana, kakaa kwenye kigoda ananitazama mimi tu. Neema na sare yake mpya, kwa furaha, akaropoka mlangoni: "Mama, nakuja!" Akajiziba mdomo.

Eh, mama! Kifua kililipuka. Mkono wangu ulikuwa umeshaikamata kola yake. Mama mkwe akasimama. Nikafumba macho. Kizingiti. Uji. Yule mtoto, vidole vyake vya baridi. Nipo, nikamwambia. Nipo.

Nilipofumbua, Neema alikuwa hajasogea, ananisoma macho. Nikamnyoosha kola. "Nenda, mwanangu, utachelewa." Akatoka mbio, hata hakugeuka, na iliniuma, siwezi kukuficha. Mama mkwe akaketi taratibu, akaomba uji.

Sijakusamehe, usijidanganye. Na vidole vyako kwenye nywele zangu navitamani mpaka leo. Yote mawili ninayo, na leo hayajaniua. Lakini yule mtoto nimemwingiza ndani, ameshiba. Ukipita, kizingitini hutakuta mtu anakungoja.

Naenda, mama. Sisemi nakuja.

Binti yako