Sura ya Tisa ya Kitabu cha Kijani

Sharpstown, Houston
9 Februari 2025

Papa mpendwa,

Nakusalimu. Goti linaendeleaje na kule ghalani bado wanakusimamisha kutwa? Mimi niko mzima. Naandika barua kwa sababu wewe husema simu ni ya kuulizia kama mtu amekula.

Nimepata kazi mpya. Namtunza mzee Mfaransa wa miaka tisini na mmoja, nyumbani kwa binti yake. Kiingereza kimemtoka chote, kimebaki Kifaransa, ndiyo maana wakanipa mimi. Jina lake tumekatazwa kulitaja. Jana nikimlisha uji akashika kijiko, akasema: “Uchumi haukuanzia sokoni. Ulianza siku mtu alipomlisha asiyeweza kujilisha.”

Papa, si maneno yako hayo? Tangu kambini Burundi uliyasema kila tulipoketi kula.

Binti yako,
Carmel

Haltom City
20 Februari 2025

Mwanangu Carmel,

Salamu nyingi. Goti ni lile lile, tumelizoea. Barua yako niliisoma nimesimama, ikabidi nikae.

Jina lake nalijua, usiliandike. Yuko hai! Mtoto wa mwoka mikate, asubuhi alifundisha falsafa, mchana uchumi. Walimpa uwaziri akaukataa ili amuuguze mkewe, na katika miaka ile miwili ya kuuguza akaandika kitabu cha kijani. Nilikifundisha Bukavu miaka sita. Na wewe unamwita “mzee”! Mwite Profesa, na akiingia usimame.

Nisaidie jambo moja. Mwisho wa sura ya nane anauliza: anayelisha naye hupata nini? Jibu liko sura ya tisa, ya mwisho. Nakala za shuleni ziliishia sura ya nane; kitabu kamili nilikipata karibu na kukimbia, na sura hiyo ikaharibiwa na mvua tukiwa safarini kabla sijaifikia. Muulize, mama. Nisife bila kujua.

Papa yako,
Godefroid

Houston
15 Machi 2025

Papa mpendwa,

Habari za huko? Mimi sijambo, mgongo tu.

Profesa haingii, Papa. Namwingiza mimi, kwa kiti cha magurudumu. Kitabu hakipo humu, na mtandaoni nimekitafuta nikakikosa. Nilipomuuliza hakukumbuka hata kama amewahi kuandika kitu. Nikamweleza habari za mvua. Akafumbua macho, akawa mtu mwingine kabisa, nikaogopa. “Mvua gani hiyo inayochagua sura moja?” akauliza.

Ni mvua gani, Papa?

Binti yako,
Carmel

Haltom City
27 Aprili 2025

Mwanangu,

Nisamehe kukaa kimya. Afya ninayo.

Haikuwa mvua. Kambini kuni zilikuwa mbichi, mama yako maziwa yamekauka, na wewe, hujatimiza hata miaka miwili, una homa na siku tatu hujala. Nilikichana kitabu kutoka nyuma. Karatasi kumi na nane zilichemsha sufuria moja ya uji. Sikuzisoma kwanza, maana ningezisoma nisingezichoma.

Nimemwonea aibu mtu yule miaka yote hii. Niombee radhi kwake.

Papa yako

Houston
19 Mei 2025

Papa wangu,

Natumaini u mzima. Profesa alilazwa wiki mbili, sasa amerudi, amebaki mifupa.

Nilimsomea barua yako kwa Kifaransa. Akaniomba nirudie. Kisha akauliza, “Mtoto alikula?” Nikamwambia alikula, na ndiye mimi.

Alinitazama mpaka nikainamisha uso. Akachukua kijiko mkononi mwangu, akachota uji, nusu ukamwagika shukani, akanipelekea mdomoni. Nikala, Papa. Nililia huku nameza.

Akasema: “Mwambie mwalimu mwenzangu, sura hiyo ameisoma kuliko mimi niliyeiandika.”

Mwalimu mwenzangu, ndivyo alivyokuita. Nimekuwa binti yako miaka yote hii na sikujua wewe ni nani. Kila asubuhi ananiuliza kama umefika. Daktari anasema ni suala la siku. Njoo.

Binti yako,
Carmel

Haltom City
22 Mei 2025

Mama,

Salamu tutapeana ana kwa ana. Nimeomba ruhusa kazini, Jumamosi napanda basi la kwanza.

Kitabu nakiacha nyumbani. Naleta unga. Mwambie Profesa asile kabla sijafika, uji wa siku hiyo nitamlisha mimi.

Papa yako,
Godefroid