Garanti ya Miaka Miwili

Jumatatu, 10 Februari 2003

Magauni manne ya Idi, na bado mikono na vifungo. Umeme umekatika saa nne. Nashukuru cherehani yangu ni ya miguu. Wateja wamekaa mlangoni kama wadai, kila mmoja anataka lake litangulie.

Saa nane simu ililia. Mume wangu Yusufu, kutoka kabini ya simu ya sokoni Ngozi. "Nimefika. Kesho narudi na konvoi ya wanajeshi." Akakata. Inatosha. Ndiyo maana tumenunua simu hii. Zamani akiondoka na lori nilikuwa nabaki na redio siku mbili tatu, nasikiliza magari gani yamechomwa njiani, nangoja kusikia rangi ya lori lake.

Simu ina siku tisa. Bwana Nasoro, mwenye duka, anasema garanti ya kiwandani ni mwezi mmoja tu. Nikiongeza pesa, nitapata miaka miwili. Nimjibu kabla mwezi haujaisha.

Sijui.

Alhamisi, 13 Februari

Idi imepita salama. Yusufu alifika saa saba mchana wa kuamkia sikukuu, mzima, na vumbi la barabara hadi kwenye nyusi. Mdogo wake Rajabu alikuja jana kula. Ana meza yake ya kutengeneza redio na simu hapa mtaani kwetu Cibitoke, njia ya kuelekea soko.

Nilitaja garanti. Yusufu alicheka mpaka akaweka sahani chini.

"Miaka mbili? We unajuwa miaka mbili tutakuwa wapi? Huyo mutu anauza mwaka kesho, na mi sijuwe kama nitafika Jumamosi."

Rajabu akasema yeye ndiye garanti yetu. Ikiharibika, nimpelekee. Wakacheka wote wawili.

Sikucheka. Wanaume hawa wanafikiri kutojali ni ushujaa.

Jumamosi, 22 Februari

Nilikwenda mjini kununua uzi, nikapita dukani. Bwana Nasoro ni mtu mpole. Babu yake aliuza vitambaa kwenye duka hilohilo, bibi yangu alikuwa mteja wake. Alinisomea karatasi kwa sababu Kifaransa changu hakifiki huko. Haihesabu simu iliyoingia maji. Haihesabu simu iliyoanguka. Haihesabu vita, na hapo alishusha sauti, kana kwamba ni yeye aliyeleta vita. Haihesabu simu iliyofunguliwa na fundi mwingine. Kuna karatasi ndogo nyekundu imebandikwa ndani ya simu. Ikikatika, basi.

Nikauliza fundi wao yuko wapi. Kampala.

Inachukua muda gani? "Kidogo tu, Mama Zena."

Nikaondoka. Nikafika kituo cha basi, nikasimama, nikaona aibu kwamba bado nawaza.

Ijumaa, 28 Februari

Nimelipa. Yusufu hajui.

Niandike sababu, maana hakuna atakayeniuliza. Mwaka wa 95 tulikimbia mtaa huu na sufuria moja na binti yangu Zena mgongoni, na Zena alikuwa mkubwa mno kubebwa. Tuliporudi hapakuwa na milango. Hapakuwa hata na mabati. Hakuna aliyetia sahihi popote. Leo mtu ameandika jina langu kwenye karatasi, akapiga muhuri, akasema kitu hiki kikikuacha nitakurudishia. Nilitaka kuwa na kitu kimoja cha namna hiyo. Kimoja tu.

Karatasi nimeiweka ndani ya Msahafu. Baadaye nikaitoa, nikaitia kwenye sanduku la vifungo. Niliona si vizuri.

Jumanne, 18 Machi

Simu haipokei chaji. Toka jana. Nimeigeuza, nimeipuliza, nimeomba.

Nilimpelekea Rajabu. Aliitazama kidogo tu akasema ni pale pa kuchomeka waya, pamelegea, panahitaji kuguswa na risasi ya kulehemu. Kabla ya alasiri ingekuwa tayari. Bisibisi ilikuwa tayari mkononi. Nikainyakua simu.

"Shemeji, ni kitu ya saa moja."

Ikabidi niseme. Kwamba nimelipa, kwamba akiifungua garanti inakufa. Aliniangalia, kisha akaangalia bisibisi yake, akaiweka mezani polepole.

"Sawa. Upeleke Kampala, basi."

Nimemuudhi. Nimemuudhi kwa ajili ya karatasi nyekundu ya ukubwa wa kucha.

Jumatano, 19 Machi

Bwana Nasoro ameipokea, ameandika risiti. Wiki mbili, labda tatu, njia zikiwa nzuri. Alichomoa ile kadi ndogo ya ndani akanipa. "Utunze hii vizuri, ndiyo namba yako." Nimeifunga kwenye leso, leso nimeitia kifuani.

Wiki tatu.

Jumamosi, 22 Machi

Yusufu alikuwa nyumbani tangu juzi. Aliuliza simu. Nikasema iko kwa jirani, inachajiwa. Aliuliza tena jana. Nikasema hivyohivyo. Uongo wa pili ni mwepesi, sikujua.

Ameondoka asubuhi kwenda Ngozi kuchukua maharage. Mlangoni alisema, "Nikifika nitapiga."

Nikasema haya.

Nilikuwa na muda wote wa kumwambia. Alikuwa anafunga viatu, anafunga polepole kama kawaida yake. Niliogopa kicheko tu. Hakuna kingine.

Jumatatu, 24 Machi

Makombora tangu alfajiri. Yanatoka milimani, yanapita juu, yanaanguka Kinama, mtaa wa jirani, na huku kwetu. Nyumba ya tatu kutoka hapa imeangukiwa. Mwenyewe alikuwa chooni, amepona, watoto wake wawili hapana.

Watu wa Kinama wanapita na magodoro kichwani. Hatusemeshani.

Redio imetaja Cibitoke kwa jina.

Yusufu ana redio kwenye lori.

Jumanne, 25 Machi

Kimya. Niliondoka saa mbili kwenda mjini, nitafute kabini nipige ile kabini ya Ngozi, mtu amtafute sokoni amwambie mimi mzima. Kwenye kizuizi askari waliturudisha wote. Nilimwomba mmoja. Akasema, "Mama, rudi nyumbani, hakuna kitu imefunguliwa." Nikamwambia mume wangu anafikiri nimekufa. Akasema wa kwake pia wanafikiri hivyo.

Nimerudi. Nimekaa na kadi mkononi. Kitu kidogo hivi, kina namba yangu ndani, na hakisemi.

Alhamisi, 27 Machi

Rajabu alikuja saa tano. Hakukaa. Alisema tu, "Yuko hai, shemeji. Vaa viatu."

Yusufu yuko hospitali. Wanajeshi ndio waliomleta jana. Lori limechomwa karibu na Bugarama. Risasi mbili, zote mguu wa kushoto, chini ya goti. Alilala ndani ya mtaro mpaka waasi wakapita.

Ana homa lakini anaongea. Alinishika uso kwa mikono miwili, akaangalia masikio yangu, shingo yangu, kama anayekagua kitambaa.

"Nilipiga mara ine," alisema. "Kila mara ile sauti ya mwanamuke, ya Kifaransa. Eti haupatikani. Nikasema basi, ni kweli."

Madereva wenzake walimwambia angoje konvoi ya asubuhi. Hakungoja. Aliondoka saa sita mchana, peke yake, njia tupu.

Hakuuliza simu ilikuwa wapi. Nami sikusema.

Jumamosi, 29 Machi

Wamekata mguu. Daktari alisema ingekuwa goti zima kama tungechelewa siku moja.

Tulikuwa tumekaa kwenye ukumbi mimi na Rajabu. Nilitoa leso nipanguse uso, kadi ikaanguka sakafuni. Rajabu akaiokota. Akaiangalia sana.

"Hii ulikuwa nayo?"

Nikasema ndiyo, Bwana Nasoro alinipa niitunze.

"Siku zote?"

"Siku zote."

"Shemeji. Mi sina namba, lakini simu ziko kwenye meza. Ungeniletea ningeiweka mu moja ya hizo. Dakika moja. Namba yako ingelia kwangu." Alisema taratibu, si kwa ukali. Kisha akasema, "Mi nilifikiri imeenda Kampala pamoja na simu. Ningekuja kuuliza. Sikuja kwa sababu nilikuwa nimekasirika."

Hakuna aliyeniambia. Mtu amenipa kadi akasema tunza, nikaitunza kama pete ya harusi, na mita mia mbili kutoka kwangu kulikuwa na simu ya kuitia.

Najichukia. Nakichukia kicheko cha Yusufu. Nayachukia makombora, lakini hayo yako mbali na hayana uso, kwa hiyo narudi kujichukia mimi.

Ijumaa, 4 Aprili

Sina la kuandika. Uji, bandeji, foleni ya dawa. Zena ametuma salamu kutoka Uvira, alikoolewa, hawezi kuvuka, mpaka umefungwa.

Jumatatu, 14 Aprili

Bwana Nasoro alituma mtu. Simu imerudi.

Aliiweka juu ya meza ya duka, akatia kadi, akaiwasha mbele yangu. Taa ya kijani. Imesafishwa, inang'aa kuliko siku niliyoinunua. Hata senti moja hakuchukua.

"Umeona, Mama Zena? Garanti si maneno tu."

Alikuwa na furaha ya kweli. Hajui chochote. Ametimiza kila alichoandika, siku ya ishirini na sita. Nilitaka kumtemea mate. Nikamshukuru. Akaniuliza habari za mzee, nikasema hajambo.

Njiani nilitaka kuitupa kwenye mtaro. Sikuitupa. Inafanya kazi.

Jumapili, 20 Aprili

Mvua asubuhi yote. Imekatika baada ya adhuhuri.

Yusufu yuko nyumbani tangu Alhamisi. Alikuwa amekaa kwenye kiti mlangoni. Nilikaa chini, kwenye mkeka, pembeni yake, ili nisimtazame usoni, nikamwambia. Yote. Malipo ya siri, jirani wa uongo, Rajabu na bisibisi yake, kadi kifuani. Hakunikatiza.

Nilipomaliza akaangalia maji yanavyopita. Mtoto wa jirani alipita anavuta kopo kwa kamba. Yusufu akampungia mkono.

Kisha akasema, "Ningekuja tu, Mama Zena. Hata kama ungepokea, ningekuja."

Si kweli. Miaka minane amengoja konvoi kila safari, hata Zena alipokuwa na malaria kali. Ningepokea, angengoja. Anajua kwamba najua.

Akaomba chai. Nikampelekea. Alikunywa yote.

Halafu nilitoa suruali zake tatu sandukuni. Nimezikata mguu wa kushoto, nimekunja, nimeshona. Ya mwisho nimeimaliza sasa hivi.