Mlango wa Karatasi Nyekundu

Mama yangu uliye Ujiji,

Mjomba anaondoka kesho kwa miguu, kwa kuwa mashua hazishuki huko tangu vita vianze. Nimemwomba akuletee salamu zangu pamoja na habari ya picha yetu ya karatasi.

Unakumbuka tulivyoianza? Ulikuwa umekaa kibarazani, unakoroga unga wa muhogo katika maji ya moto mpaka ukawa gundi. Nami nilirudi kutoka chuo cha Kurani na karatasi tele ndani ya kanga: ile ya buluu wanayofungia sukari, zile za rangi zinazobandikwa kwenye majora ya nguo ya merikani, na kipande cha gazeti la Wadachi nilichookota sokoni. Ukacheka.

"Mutoto huyu, duka la Mhindi umeliachia nini?"

Ukaikata ile ya buluu, ikawa ziwa. Gazeti likawa kuta za nyumba yetu. Karatasi moja ya jora ilikuwa na picha ya tembo. Ulimkata masikio tu, ukasema ni majani ya mgomba. Hata leo nikipita penye migomba naona masikio.

Nilipodondosha mawese juu ya ziwa, nililia. Wewe ulilitazama lile doa, ukasema, "Nyamaza. Iko mvua inatoka Kongo." Basi doa likabaki kuwa mvua.

Nyumba ilibaki bila mlango. Uliutaka mwekundu, na karatasi nyekundu hatukuwa nayo. Kabla hatujaipata ukaitwa kwenda kumwuguza bibi wa huko Ujiji, mama yako. Ulinishika kidevu ukaniambia, "Mlango tutaubandika nikirudi."

Mama, karatasi nyekundu nimeipata. Ilikuwa imefungiwa chai. Lakini ina herufi za Kiarabu, na unamjua mama yake baba: akiona herufi hizo chini huziokota, huzibusu, akazichomeka katika ufa wa ukuta, isije ikawa jina la Mungu linakanyagwa. Aliponiona na mkasi alinikamata mkono.

"Unakata maneno ya Mungu?"

"Bibi, nimeyasoma. Yanasema chai nzuri."

"Na chai nani aliiumba?"

Mwalimu hajatufikisha hapo.

Nikaiweka chini ya mkeka. Kusema kweli, Mama, si herufi tu zilizonizuia. Ulisema tutaubandika, wewe na mimi. Niliogopa kwamba nikiubandika peke yangu, nitakuwa kama nimekubali kwamba hutarudi. Lakini kila nikiitazama nyumba ile isiyo na mlango, najiuliza: Mama akija, ataingilia wapi?

Kwa hiyo jana niliibandika nzima, bila kuikata. Mlango umekuwa mkubwa kuliko nyumba, umefika hadi ziwani. Baba aliutazama, akaupapasa kwa vidole. Bibi ndiye aliyesema, "Vizuri. Mama yako atapita na mizigo kichwani, wala hatainama."

Msalimie bibi wa huko; Mungu amwinue kitandani. Akipona, usisubiri mashua. Njia ya mguu ipo, mjomba anaijua.

Gundi nimeipaka upande mmoja tu, ili mlango ufunguke. Upande wa pili nimekuachia wewe.

Amahoro, Mama, amani iwe nawe.

Ni mimi binti yako, hapa Rumonge