Kompyuta Uliyoiacha Chumbani kwa Mama

Kaka,

Ujumbe wako nimeupata. Unafoka kwamba timu yenu imeporomoka kwenye orodha ya wanaojitolea kompyuta zao, eti nani kazima kompyuta uliyoiacha chumbani kwa mama iwapigie watafiti wa tabianchi hesabu zao.

Kujitolea kwenu ni jambo jema, sikatai, na utani wenu na timu ya wale wauguzi mnaoshindana nao kwa wingi wa hesabu hunichekesha. Lakini ujumbe mrefu vile, mama hukumtaja hata kwa bahati mbaya!

Nimeizima mimi. Chumba kile kina soketi moja tu, na sasa imechomekwa mashine ya oksijeni. Nilikuwa nangoja uulize hali ya mama.

Yeye, kila akipata pumzi, ananiuliza kama bado mnaongoza.

Ni mimi mdogo wako, ambaye pia hukunisalimia.