Kaka, Sisafiri

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi na watoto, na kwamba mgongo wako umepunguza ubishi tangu mbadilishe godoro. Sisi huku tunaendelea. Mama hajambo, ila masikio yake siku hizi yanachagua ya kusikia. Shemeji yako hajambo, anashinda karakanani kwake akibembeleza majokofu ya watu. Nami nipo. Ndiyo habari kubwa kuliko zote, kwa hiyo naiweka mwanzoni.

Nimeona nikuandikie kwa sababu kwenye simu, kaka, wewe huongei, unahutubia. Karatasi haikatizwi maneno. Kaa chini, usome mpaka mwisho, kisha ufoke ukitaka.

Ugonjwa wangu unaujua kwa kusimuliwa. Mimi ugonjwa ulinikuta kazini, kwenye gari la shule ya udereva, tumbo likianza kugombana na mkanda. Wanafunzi wakanipongeza. Mmoja wao, mama mtu mzima aliyekuwa akigonga kila pipa tukirudi nyuma, akaniombea mapacha. Kwa umri wangu huu! Nilicheka, nikaendelea kufundisha, mpaka nikashindwa kuinama kufunga kiatu. Hospitali wakanichoma sindano ya tumbo, wakatoa maji ya rangi ya chai, wakapima, wakakata na kinyama kidogo wakakipima nacho. Ilikuwa saratani. Ilianzia kwenye kifuko cha mayai, ikasambaa hadi kwenye utando wa mafuta uliofunika matumbo.

Utando huo sikuwahi kujua kwamba ninao. Daktari wa upasuaji, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuamrisha gwaride, alichukua taulo kwenye ndoano akalitundika mkononi, likaning'inia. Akaniambia ndivyo ulivyo, unaning'inia kutoka tumboni kama pazia, na kazi yake ni ulinzi: penye kidonda unakimbilia, unakifunika. Lakini mbegu za saratani zinaupenda, zikitua hapo zinaota. Nikamwambia kumbe ni mlinzi aliyekula hongo. Akacheka mpaka akavua miwani, akasema mlinzi wa namna hiyo hafai kuonywa, anafukuzwa kazi, na mtu anaweza kuishi bila yeye.

Mpango wake ulikuwa hivi: kwanza dawa za dripu ili ugonjwa usinyae, kisha upasuaji, kisha dripu tena. Dripu za mwanzo nilizipata hapa hapa, unakumbuka. Nywele zikaenda, maji tumboni yakakauka. Akasema sasa tusipoteze muda, upasuaji ufanyike mwili ukishapata nguvu na kabla ugonjwa haujapata zake.

Hapo ndipo mlipoitisha kikao. Simu iliwekwa katikati ya meza, baina ya glasi, na sauti yako ikitoka humo kama ya mwenyekiti. Ulishapata hospitali huko. Mkajadili nani anisindikize, nani abaki na mama, viza itoke lini. Kaka, nilikuwa nimekaa pale pale, nakunywa maji, na hakuna aliyeniuliza lolote. Mlinijadili kama gari linalopelekwa gereji. Shemeji yako, ambaye unajua hasemi mpaka asukumwe, ndiye aliyekohoa akasema: "Muulizeni mwenyewe." Nikasema nitafikiri. Ukasema hakuna cha kufikiri, hapa kwetu watu hawatibiwi, wanazikwa.

Najua neno hilo lilitoka wapi. Ulisimama nje ya wodi baba alipofariki, na tangu siku ile hospitali za hapa kwako ni lango la makaburi tu. Lakini baba hakuuawa na kisu, kaka. Baba alificha maumivu mpaka kisu kikakosa cha kuokoa. Kilichomuua ni kuchelewa. Na wewe, kwa mapenzi yako yote, ulikuwa unanichelewesha.

Usidhani nilikataa kwa kiburi tu. Ulipotuunganisha na yule daktari wa huko kwa simu ya picha, nilimsikiliza kwa adabu. Alikuwa mtu mwema, hakunidharau. Nilimuuliza atafanya nini, akanieleza: atatoa kizazi, vifuko vya mayai, utando ule wa mafuta, na kila uchafu atakaouona. Kisha nitahitaji dripu tena. Nikamuuliza ni kipi atakachofanya yeye ambacho huyu wangu hawezi. Akafikiri. Akasema ingekuwa hapa kwetu hakuna mzoefu wa saratani za aina hii, au hakuna damu ya akiba na chumba cha wagonjwa mahututi, angeniambia nipande ndege kesho. Lakini kama vipo, basi hana cha kujigamba, na nisikubali kusubiri. Wewe ukaingilia kati ukasema daktari anatania. Hakuwa anatania, kaka. Nilimtazama usoni.

Basi nikaenda kumhoji mwanamke mfupi. Nikamuuliza amefanya upasuaji huu mara ngapi, na wale ambao haukuwaendea vizuri iliwatokea nini. Hakukasirika. Akasema ameshaufanya mara nyingi, na damu ya akiba na chumba cha wagonjwa mahututi vipo. Alinieleza waliotokwa na damu nyingi, aliyepata maambukizi, na mmoja aliyefariki kwa donge la damu lililokwenda mapafuni wakati wanajiandaa kumruhusu. Alinieleza huyo wa mwisho bila kuinamisha macho. Akasema: "Siwezi kukuahidi kupona. Naweza kukuahidi sitakudanganya." Nikaona huyu ndiye. Nimefundisha udereva miaka mingi, kaka. Dereva anayedai hajawahi kukwaruza gari simkabidhi abiria.

Viza ikawa inapigwa tarehe. Kila ukipiga simu unasema vumilia. Na mimi kila nikijishika tumbo nawaza mlinzi yule anaendelea kupokea hongo.

Sasa naomba ushike kiti. Siku ile uliponipigia ukauliza mbona kuna makelele, nikakujibu nipo sokoni na mama, sikuwa sokoni. Nilikuwa wodini. Nilikuwa nimeshapasuliwa, kutoka juu ya kitovu mpaka chini, nina mshono kama zipu ya begi na bomba ubavuni. Na mama yetu, mama yule aliyetuchapa kwa kusema uongo, alisimama kando ya kitanda akapaza sauti: "Vitunguu gani hivi, vimeoza!" Mgonjwa wa kitanda cha pili, naye ana mshono wake, akamjibu: "Mama, chukua au acha!" Nilibana mto tumboni nisicheke, maana kucheka kunauma kuliko kisu.

Nilikuficha kwa sababu ningekwambia ungekuja kuzuia. Siombi radhi kwa hilo.

Walitoa vyote. Samahani kwa lugha, lakini baada ya upasuaji wa namna hii wauguzi hawaulizi habari za asubuhi, wanauliza kama umejamba, wajue matumbo yameamka. Nilipojamba, mama alipiga kigelegele hata wodi ya jirani wakadhani kuna mtoto kazaliwa.

Sikufichi na lililobaki. Daktari amesema alitoa kila alichokiona kwa macho, asichokiona hakukisemea. Dripu zinaanza tena hivi karibuni. Ugonjwa unaweza kurudi. Ukirudi, utanikuta nyumbani kwangu, na mlango nitaufungua mimi, si kwa kuukaribisha bali kuugombeza. Sikukataa kutibiwa, kaka. Nilikataa kusubiri, na nilikataa kuamuliwa.

Tiketi uliyotaka kunikatia, jikatie wewe. Usije kunichukua wala kunilia. Njoo ukae nami nikiwa kwenye dripu, unisimulie ya huko, nikitapika unishikie beseni. Hilo hakuna daktari wa nchi yoyote anayeweza kunifanyia.

Mama anakusalimu na anakanusha habari ya vitunguu. Shemeji yako anakusalimu kwa maneno mawili, kama kawaida yake: "Msalimie sana." Wabusu wifi na watoto.

Ni mimi mdogo wako,
mwenye tumbo lake.