Ukuta Ulioshiba Maji

Machi 4

Baba, shikamoo.

Natumai mgongo umekupa nafuu na kikohozi cha mama kimetulia. Mimi mzima, ila vidole vimepasuka kwa gundi.

Baada ya miaka miwili ya kubeba mifuko, nyapara amenipa bafu nilitie vigae peke yangu. Likisimama, mimi fundi. Lisiposimama, narudi kwenye mifuko. Kuta za huku si za matofali, ni mbao za plaiwudi. Amezifunga seremala ninayelala naye chumba kimoja. Nimefanya ulivyonifundisha: kabla ya kubandika nikaumwagilia ukuta maji mpaka ukashiba. Nilikuwa peke yangu, hakuna wa kuniharakisha. Vigae vimenyooka kama uzi, ungeviona ungenipa mkono.

Mwanao.

Machi 21

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo ni uleule. Mama amepona, anauliza kama unakula.

Umemwagilia mbao? Mimi nilikufundisha tofali! Tofali lina kiu, usipolinywesha linafyonza maji ya saruji. Ubao ukiunywesha unavimba. Nimemwuliza seremala wa hapa, amecheka mpaka akakaa chini. Anasema plaiwudi iwe kavu kabisa, skurubu ziwe karibu karibu, na kati ya ubao na ubao uache upenyo wa unene wa sarafu. Kisha ipakwe dawa ya kuzuia maji, hadi kwenye kingo, ikauke, ndipo vigae.

Mwambie nyapara leo, kabla ukuta haujamwambia.

Baba yako.

Aprili 15

Baba, shikamoo. Natumai hamjambo. Mimi mwili mzima, mengine usiniulize.

Barua yako imenikuta ukuta umeshasema. Mbao zilitutumka, vigae saba vikaanguka, kimoja kikamkata mguu mama mwenye nyumba akioga. Nyapara akaja juu: "Nani kafunga mbao hizi?" Nikanyamaza. Seremala akaapa kwamba alizifunga sawasawa. "Mbao zako zimeota vitambi, na bado unaniapia?" Akamfukuza palepale.

Seremala hajui habari ya maji. Jana alinikatia nusu ya mkate wake. "Kula, bwana fundi, wewe ndiye mwenye kazi." Mkate ukashuka kama kokoto.

Nimepewa mabafu mengine mawili. Nayafanya kavu, kama ulivyoandika. Nikisema, kazi imekwenda. Na baba, si wewe uliyeniambia nimwage maji?

Mwanao.

Mei 2

Mwanangu,

Sikuulizi hali, naijua.

Kweli nilikufundisha kumwagilia, sikukufundisha kwa nini. Hilo ni langu, nimelibeba. Lakini mdomo uliofungwa siku ile ni wako. Usiniandikie tena mpaka umesema.

Baba yako.

Agosti 9

Baba, shikamoo. Mama hajambo? Mwambie nakula.

Nimechelewa kuandika kwa sababu nilichelewa kusema. Nilikuwa nafika mlangoni kwa nyapara, nauliza habari ya gundi, narudi.

Wiki iliyopita nilianza na seremala mwenyewe, chumbani. Miezi yote hii amekuwa akibeba magunia sokoni. Hakunitukana. Alivaa viatu akatoka, akarudi kuchukua godoro lake. Kesho yake nikamwambia nyapara. Alinitukana matusi ya kuwatosha watu wote wa kazini, kisha akatuma mtu amwite seremala. Mimi nimerudi kwenye mifuko.

Mama mwenye nyumba alikuwa amegoma kutufungulia. Leo kakubali. Tumebandua kila kitu, seremala anafunga mbao mpya, mimi nampelekea vifaa. Siku nzima hakunisemesha. Akitaka skurubu ananyoosha kiganja tu, bila kugeuka. Ubao wa mwisho ulikuwa mkubwa. Akauegemeza begani, akatazama mlangoni kama yupo mwingine atakayepita. Hakupita mtu.

"Shika huku," akasema.

Nikashika.

Mwanao.